Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: Tuulizeni kabla hatujaweka saini

Kwa:
Mganga Mfawidhi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Mkoa wa Dodoma.

YAH: WAGONJWA KUSHIRIKISHWA KATIKA MAAMUZI YA MATIBABU YAO

Ndugu Mganga Mfawidhi, Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya kikundi cha wagonjwa wa sukari na presha tunaokaa chini ya mwarobaini nyuma ya jengo la kliniki, tukisubiri majina yaitwe. Mimi ni mwalimu mstaafu, ndiyo maana kalamu nimeachiwa mimi. Jina la hospitali nimeliacha kwa makusudi. Ninyi mnaijua na sisi tunaijua, na kwa ninavyosikia kutoka kwa ndugu walioko Manyoni na Kondoa, wapo watakaosoma hapa wakadhani nasema ya kwao.

Barua hii haikupaswa kufika hadharani. Ya kwanza ilipita masjala, na nakala yangu ina muhuri wa kupokelewa. Tulipofuatilia tuliambiwa linafanyiwa kazi. Tukajaribu sanduku la maoni lililotundikwa karibu na dirisha la dawa. Kufuli lake limeshika kutu, na kila tuliyemuuliza ufunguo uko kwa nani alimtaja mtu mwingine. Kwa hiyo leo tunasema mbele ya watu, kwa heshima ile ile tuliyoanza nayo.

Kwanza niseme tusicholalamikia. Hatulalamikii matusi, wala rushwa. Dawa zikikosekana tunajua mara nyingi si ninyi mliozificha. Tena yupo muuguzi wa chumba cha vidonda ambaye kabla hajavuta bandeji huilowesha kwa maji ya chumvi mpaka iachie yenyewe, na kila anachotaka kufanya anakutajia kabla mkono wake haujakugusa. "Sasa nasafisha pembeni, itauma kidogo, niendelee au nisubiri?" Huyo anajua tayari tunachokiomba katika barua hii nzima. Sijui kama aliwahi kupewa hata barua ya pongezi.

Tunacholalamikia ni kwamba maamuzi kuhusu miili yetu yanafanyika tukiwa tumekaa pale pale kwenye kiti, bila kuulizwa. Halafu tukifika nyumbani tunaamua wenyewe, kimya kimya, na ninyi hamjui.

1. Saini

Fomu ya ridhaa ya upasuaji imeandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa anaipata akiwa hajala tangu jana usiku, ameshavishwa gauni la kijani, kitanda cha magurudumu kiko mlangoni. "Mzee, weka saini hapa." Asiyejua kuandika anapakwa wino kwenye dole gumba. Imeisha hiyo.

Mwenzetu mmoja, mkulima wa alizeti, aliletwa na kidonda cha mguu kilichoanza kwa mwiba. Raundi ya asubuhi ikapita, wakubwa wakazungumza Kiingereza miguuni pa kitanda, kisha mmoja akamgeukia kijana wa mzee akamwambia lazima wakate leo. Kijana akasaini. Mzee alidhani wanaondoa vidole viwili vilivyokuwa vimegeuka vyeusi. Alipozinduka, mguu ulikuwa umekatwa juu ya goti.

Nieleweke vizuri. Hatusemi madaktari walikosea. Kidonda cha sukari kilichooza kinaweza kumuua mtu kwa muda mfupi, na huenda kweli hapakuwa na njia nyingine. Lakini mzee alikuwa na maswali. Je, haiwezekani kukata chini ya goti? Kama haiwezekani, kwa nini? Nitatembeaje kwenda shambani, mguu wa bandia unapatikana wapi, bei gani? Na lipo swali alilolibeba mpaka kijijini bila kumwuliza mtu: mguu wenyewe ulipelekwa wapi, maana kwao kiungo cha mtu huzikwa. Hakuna swali hapo linalohitaji digrii kuliuliza wala saa nzima kulijibu.

Sasa mguu wa pili umeanza kufa ganzi, na kliniki haji tena. Anasema akija wataukata na huo bila kumwambia. Kwenye rejesta yenu bila shaka ameandikwa mtoro.

Mwaka 2021 Bunge letu, lililo hapa hapa Dodoma, lilipitisha mabadiliko ya sheria yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwenye kesi ya kiwanja analindwa na sheria asikilizwe kwa lugha anayoielewa. Anayekatwa mguu bado anasaini Kiingereza.

2. Dawa

Hili nitalisema kwa urefu, kwa kuwa upasuaji ni wa siku moja na dawa hizi tunazimeza mpaka kufa.

Mama mmoja wa kikundi chetu anatoka kijiji kilicho mbali na lami, upande wa Kongwa. Siku ya kliniki anapanda gari alfajiri. Katika dawa zake za presha kimo kile kinachotoa maji mwilini, sisi tunakiita kidonge cha mkojo. Akikimeza asubuhi, haipiti muda mrefu lazima atafute choo, na kondakta hasimamishi gari kwa ajili ya mama mmoja. Kwa hiyo siku ya safari hakimezi. Siku ya mnada hakimezi. Siku ya msiba, siku ya kikao cha vikoba, hakimezi. Akifika kwenu presha inapimwa, iko juu, daktari anaongeza kidonge. Kliniki ijayo iko juu tena, dozi inapanda. Leo anabeba mfuko wa dawa ambao, kama angezimeza zote kama zilivyoandikwa, nina hofu angeanguka kwa presha kushuka.

Hakuna aliyewahi kumwambia: "Mama, hebu nieleze unavyozimeza hizi dawa tangu asubuhi mpaka jioni." Anaulizwa tu kama anameza dawa, na hilo nani asiyejua kujibu? Ndiyo daktari. Angeulizwa vizuri, pengine angeruhusiwa siku ya safari akimeze baada ya kurudi, au angebadilishiwa, kwa sababu dawa za presha ziko za aina nyingi.

Mwingine alipewa enalapril, dawa ya presha, akapata kikohozi kikavu kisichoisha. Kikohozi hicho kinajulikana kwa dawa za kundi hilo, kimeandikwa hata kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, ambayo sisi hatuioni kwa kuwa tunapewa vidonge kwenye bahasha. Hakuambiwa. Nyumbani wakadhani kifua kikuu, mkewe akahamishia watoto chumba kingine. Mwishowe alisikia kwa mtu dukani, akazitupa zote chooni, na kwenu akaendelea kusema anameza.

Halafu insulini. Wapo wanaoikataa kwa kuwa walimwona jirani ameanza sindano, baada ya miezi akafa, wakaona sindano ndiyo iliyomuua. Hofu hiyo haiondoki kwa kukemewa. Inaondoka mtu akiulizwa anaogopa nini, akaelezwa kwamba wengi huanzishiwa sindano wakiwa wameshachelewa sana. Wapo pia walioandikiwa bila kuulizwa kama wana friji, au hata umeme. Nyumba ya bati katika Dodoma ya mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, mnaijua. Chupa iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne ilimradi joto lisipite nyuzi 30 hivi, na chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji kinasaidia sana. Hayo mimi niliyajua kwa mgonjwa mwenzangu, pale chini ya mwarobaini.

Na ile karatasi ya lishe! Imechapwa kwa rangi, ina picha ya tufaa na bakuli la nafaka za kwenye boksi. Mtu aliyekulia ugali wa uwele na mlenda anaitazama, anaikunja, anaiweka kwenye daftari lake la kliniki, na ndiyo mwisho wake. Mlenda wetu tunautia magadi, na magadi yana sodiamu kama chumvi ilivyo nayo, jambo ambalo mtu wa presha angefaa kulizungumza na mtaalamu. Lakini karatasi haijui kama mlenda upo duniani.

Haya si mageni mkoani kwetu. Huko Kongwa ugonjwa wa vikope umefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Wanawake ambao kope zao zimegeukia ndani na kukwaruza jicho waliambiwa tiba ni upasuaji mdogo wa kope, usipofanyika mtu anaweza kupofuka. Wengi hawakwenda. Watafiti walipokaa nao na kuwauliza, walikuta wana sababu zao: hakuna wa kuwasindikiza, gharama, nani atabaki na watoto na kazi za nyumbani. Wengine waliona kung'oa kope kwa kibanio kunatosha kwa sasa. Kila mmoja alikuwa ameshaamua. Kosa ni kwamba aliamua peke yake, bila mtu wa kumweleza kwamba kope zinaota tena na kovu la jicho halirudi nyuma.

Ndicho ninachotaka mkione, Ndugu Mganga Mfawidhi. Mgonjwa kuamua hakusubiri ruhusa yenu. Kila siku tunaamua: nusu kidonge badala ya kizima, leo nameza kesho siyo, mizizi ya mganga wa kienyeji pamoja na metformin ya sukari. Kinachobaki kwenu kuchagua ni kama mtakuwepo wakati tunaamua.

3. Gharama

Tunaambiwa kipimo, tunakubali, tunapewa namba ya malipo, ndipo tunaona bei. Au tunaona dirishani kwamba bima haigusi dawa ile. Mtu anarudi nyumbani na karatasi ya kipimo mfukoni, na daktari anasubiri majibu ambayo hayatakuja. Semeni bei kabla. Kama ipo njia ya bei nafuu inayofanana kwa matokeo, itajeni. Na mwenye sifa ya msamaha aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii kabla hajaaibika kwenye foleni.

4. Mnazungumza na mtu mwingine

Nikija na binti yangu, daktari anamwambia yeye. Mimi niliyefundisha watoto kusoma kwa maisha yangu yote ya kazi nazungumziwa juu ya kichwa changu, "mama anakula vizuri?", kama vile nimeshaondoka chumbani.

Wanawake wanaulizwa mume yuko wapi. Mwenzetu alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ana akili zake timamu, akaambiwa arudi na mume ndipo azungumze kuhusu upasuaji. Mume anafanya kazi mgodini Geita. Sina ugomvi na mume kujua. Nina ugomvi na mume kuwa ndiye mwenye sahihi ya kizazi cha mtu mwingine.

Hapa nikiri jambo moja ambalo watu wa mjini wenye kuandika kuhusu haki za mgonjwa hulisahau. Kwetu mtu haamui peke yake. Wagogo, Warangi, sote, ugonjwa mkubwa ukiingia nyumbani wazee wanakaa, na mjomba atakayeuza ng'ombe ili nauli na dawa zipatikane ana neno lake. Hatuombi mtufanye kila mmoja kisiwa. Tunaomba mgonjwa ndiye aulizwe nani aingie naye chumbani na nani abaki nje. Kuna anayetaka kaka yake awepo, na kuna anayemkimbia huyo huyo kaka.

Kuhusu lugha: bibi wa Chemba anayesema Kisandawe tu, au Kiburunge, anatafsiriwa na mfanya usafi aliyepita na ndoo. Yule dada ana moyo mzuri, Mungu ambariki. Lakini hajafundishwa kutunza siri za wagonjwa, na kesho wanakutana kisimani. Kwa viziwi hali ni mbaya zaidi. Wanaandikiwa kwenye karatasi, na asiyejua kusoma anaitikia kwa kichwa.

5. Kumbukumbu zetu

Karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini ina vifupisho ambavyo hata nesi wa zahanati ya kijijini hawezi kuvisoma. Tangu kuwepo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mtu ana haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi. Mgonjwa akiomba kuona alichoandikiwa, asiulizwe kama anataka kwenda mahakamani.

Sasa niingie kwenye majibu mtakayotupa, kwa sababu mengine tumeshayasikia mlangoni.

Mtasema muda hakuna, foleni ni ndefu. Foleni tunaijua, tumo ndani yake. Mwaka 2017 yalichapishwa mapitio makubwa ya majaribio 105, yenye washiriki zaidi ya 31,000, kuhusu vifaa vya kumsaidia mgonjwa kuchagua matibabu. Muda ulioongezeka kwenye mazungumzo na daktari, pale ulipopimwa, kwa kawaida ulikuwa chini ya dakika 3. Wagonjwa walijua zaidi kuhusu ugonjwa wao, na wachache zaidi walibaki njia panda. Najua majaribio hayo yalifanyika zaidi kwenye nchi tajiri na madaktari wao hawana foleni kama yenu. Basi sehemu ya kazi ifanyike huku nje tunakosubiri tangu alfajiri. Muuguzi mmoja, bango moja, mazungumzo ya nusu saa chini ya mti, na mtu anaingia kwa daktari akijua cha kuuliza. Muda wetu upo mwingi, hamjawahi kuutumia. Tena hesabuni na muda mnaoupoteza kwa kumwongezea dozi mama wa Kongwa kila mwezi.

Mtasema hawa hawajasoma, hawawezi kuelewa mambo ya hatari na uwezekano. Mkulima wa Bahi kila msimu anagawa shamba lake, uwele na mtama huku kwa ajili ya ukame, mahindi kule kwa kubahatisha mvua. Hana cheti cha hesabu, lakini uwezekano anaufahamu vizuri kwa sababu akikosea watoto wanalala njaa. Mwambieni kwamba katika watu 10 waliofanyiwa hivi, wangapi walipona na wangapi waliumia, ataelewa. Hesabuni kwa mawe mezani ikibidi.

Mtasema tukiwaambia madhara mtaogopa na kukataa. Jibu hilo lilishapelekwa mahakamani huko Uingereza. Nadine Montgomery alikuwa mjamzito, mfupi wa kimo, mwenye kisukari, huko Scotland. Kwa mama wa hali yake, uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua ulikuwa kati ya asilimia 9 na 10. Daktari wake hakumwambia; aliona kwamba wanawake wakiambiwa watachagua upasuaji. Mabega yakakwama, mtoto akazaliwa mwaka 1999 akiwa na ulemavu mkubwa wa kudumu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikampa haki mama huyo, ikasema kipimo ni kile ambacho mgonjwa wa hali ile angeona ni muhimu kukijua, pamoja na njia nyingine zilizopo. Najua hukumu hiyo haiwafungi ninyi. Naileta kwa sababu hoja ya "wataogopa" ilisemwa pale mbele ya majaji saba, haikusimama.

Mtasema wagonjwa wenyewe husema "daktari, wewe ndiye unajua". Hili ni kweli kabisa. Hata mimi nimelisema, na kuna siku nitalisema tena, nikiwa na homa au nimechoka. Kumwachia daktari uamuzi ni jibu halali. Lakini ni jibu, na jibu hutanguliwa na swali.

Mtasema hayo ni ya wizarani, sisi tunatekeleza tu. Hapana. Kumuuliza mgonjwa anavyomeza dawa hakusubiri waraka.

Kuhusu dharura hatuna neno. Mama anavuja damu nyingi, kijana kaletwa na bodaboda hajitambui: fanyeni kazi yenu, mtatueleza baadaye. Ila mtueleze kweli.

Haki tunayoidai haitoki mbali. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 21, kifungu kidogo cha pili, inampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Wanasiasa huisoma wakati wa uchaguzi. Sijui jambo linalomhusu mtu kuliko mguu wake. Majirani zetu Kenya wameliweka wazi zaidi katika Sheria yao ya Afya ya 2017: mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa, kwa lugha anayoielewa.

Tunaomba yafuatayo, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

Kwanza, fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti. Kwa upasuaji usio wa dharura itolewe angalau siku moja kabla, mgonjwa alale nayo, aulize wenzake. Nakala ibaki kwake.

Pili, maswali matatu yabandikwe kwenye kila chumba cha daktari, na madaktari wayatarajie bila kununa: Nina njia zipi, ikiwemo kusubiri bila kufanya lolote? Kila njia ina faida na madhara gani? Yanaweza kunitokea mimi kwa kiasi gani? Maswali yanayofanana na haya yalijaribiwa Australia, watu waliofundishwa kuigiza wagonjwa wakayauliza, na madaktari wakatoa maelezo bora zaidi. Kuyabandika ni gharama ya karatasi na gundi.

Tatu, kabla dozi haijapandishwa, mgonjwa aulizwe anavyozimeza dawa nyumbani na kinachomshinda. Na kabla hajatoka chumbani arudie kwa maneno yake alichoelewa. Isiwe mtihani wa kumpima yeye. Mimi mwalimu najua darasa zima likifeli, wa kuulizwa ni aliyefundisha.

Nne, bei na kama bima inahusika, kabla ya kipimo.

Tano, orodha ya watumishi wenu wenyewe wanaojua Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kiburunge na Kinyaturu, ibandikwe mapokezi. Naamini wapo; hamjawahi kuwauliza. Na mtu wa lugha ya alama apangiwe walau siku moja ya wiki inayojulikana.

Sita, wagonjwa wawili, mmoja wao mwanamke wa kijijini, waitwe kwenye vikao vya Bodi mnapopitia malalamiko. Na ufunguo wa lile sanduku ukabidhiwe mtu mwenye jina.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya kliniki ya mwisho wa mwezi ujao. Mkipenda kuja wenyewe itakuwa vizuri zaidi: siku ya kliniki, saa moja asubuhi, kabla majina hayajaanza kuitwa. Viti tutawatafutia. Wakitukuta na Mganga Mfawidhi wetu tunapanga mambo, viongozi wa juu niliowapa nakala hawatakuwa na la kuuliza. Tusipopata majibu, tutaomba kikao nao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kikundi cha wagonjwa wa sukari na presha,
Dodoma.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Mganga Mkuu wa Wilaya
Diwani wa kata
Muuguzi wa chumba cha vidonda (kwa taarifa, na kwa shukrani)